Tuzo za websaiti: jinsi ya kushinda, na jinsi ya kuendesha zako bila kuzua kelele

Watu wengi wanaona tuzo za websaiti ni mambo ya konekshen tu au ya nani ana wafuasi wengi, na kusema kweli zipo za hivo, tutafika huko. Ila zile za maana zinaamuliwa na kitu kimoja ambacho karibu kila mtu anakiruka, ukurasa wa vigezo, ule wenye maandishi mengi ambao ukishajaza fomu huurudii tena. Ukitaka kushinda unaanzia hapo, na ukitaka kuanzisha tuzo zako napo unaanzia hapohapo, sema unakuwa umekaa upande wa pili wa meza.

Hizi tuzo zina umri kuliko watu wanavodhani. Mwaka 1994 jamaa wa Marekani anaitwa Glenn Davis alikuwa anachagua saiti moja kali kila siku, Cool Site of the Day, na ikichaguliwa saiti yako jiandae seva kuelemewa. Baadae enzi za GeoCities, ile huduma ya bure ya kutengeneza kurasa binafsi, ikawa kila mwenye hompeji anagawa tuzo yake, kapicha ka GIF kanakomwekamweka, unaomba leo kesho unapewa, baji zikajaa chini ya kurasa kama vibandiko nyuma ya daladala. Zile zilizobaki na heshima ni zilizoandika wazi zinapima nini na nani anapima: Webby zilizoanza 1996, FWA ya mwaka 2000, Awwwards iliyozaliwa Hispania 2009.

Haya tuanze na upande wa kushinda.

Hatua ya 1: jua tuzo unayoingia ni ya aina gani

Kuna tuzo za mafundi kupima mafundi, yani Awwwards, CSS Design Awards na FWA, huko majaji ni madizaina na madevelopa na wanachotaka ni ufundi, mpangilio, mjongeo (animesheni), kitu ambacho hawajakiona. Saiti ya halmashauri yenye taarifa muhimu ila sura ya kawaida haitoki huko hata ufanyeje.

Kuna tuzo zenye majaji pamoja na kura za watu. Webby wao kila kategoria wanatoa mbili, moja ya majaji na nyingine ya wananchi inaitwa People's Voice. Kenya chama cha wanablogu, BAKE, kilianzisha zake 2012, na utaratibu wake ulikuwa wananchi wanapendekeza, majaji wanachuja, afu wananchi wanarudi kupiga kura.

Halafu kuna zile zinazoangalia umesaidia nani. WSA (World Summit Awards) ya Salzburg, Austria, ilianza 2003 wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa jamii habari, WSIS, ina vipengele 8 kama afya, elimu, mazingira, biashara, na unapita kwanza kwa mtaalamu wa nchi yako ndo ufike juu. Na kuna WSIS Prizes za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zipo tangu 2012, vipengele 18, kuingia bure, kila kipengele wanatoka watano, mmoja mshindi na wanne mabingwa. Kwa wenzangu wa Afrika Mashariki wanaotengeneza vitu vya kilimo, afya ya mama na mtoto, elimu, mi huwa nawaambia waanzie hizi, maana huku shida uliyoitatua ina maksi na hauulizwi kwanini huna mjongeo wa 3D kwenye ukurasa wa mbele.

Aina ya nne ni utapeli. Unapokea imeili "Hongera, kampuni yako imechaguliwa kuwa Websaiti Bora ya Mwaka Afrika", hujaomba, huwajui, na ukitaka kikombe na meza ukumbini unalipia. Kulipa ada ya kuingia peke yake sio utapeli, Webby wanatoza na Awwwards wanatoza, na kwa Webby ukiwahi bei inakuwa chini kidogo. Tofauti ni kwamba huku unalipa ili upimwe na unaweza ukakosa, kule unalipa kwa sababu umeshashinda. Angalia vitu vitatu tu: majaji wana majina? vigezo vimeandikwa? kuna watu waliowahi kukosa? Tuzo isiyo na walioshindwa ni duka.

Hatua ya 2: chukua karatasi ya maksi upige hesabu

Hapa ndo penyewe, kaa nayo kidogo.

Awwwards wanagawa maksi hivi: dizaini asilimia 40, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20, maudhui 10. Kila kimoja jaji anatoa juu ya 10. Ukifika 6.5 unapata ile ya heshima, ya kutajwa, juu ya hapo unawania Saiti ya Siku. Sasa tuseme umejipima mwenyewe kwa ukali, au umempa mshkaji asiyekuonea haya akupime, ikaja dizaini 8, urahisi 6, ubunifu 7, maudhui 7. Hesabu yake ni 3.2 jumlisha 1.8 jumlisha 1.4 jumlisha 0.7, unapata 7.1.

Umebakiwa na wiki mbili kabla ya kutuma. Mwenye biashara anataka mwandishi aje aandike upya maneno yote, bosi anataka picha mpya, wewe unataka kurekebisha menyu ya simu ambayo watu wanaipotezea. Maudhui yakipanda kutoka 7 hadi 9 unaongeza 0.2. Urahisi ukipanda kutoka 6 hadi 7.5 tu unaongeza 0.45. Kwahiyo wiki mbili zinaenda kwenye menyu, mjadala umeisha, na una karatasi ya kumuonyesha bosi.

Ila saiti hiyohiyo ukiipeleka Webby hesabu inageuka, maana kule wanaangalia maudhui, muundo na jinsi mtu anavotembea ndani ya saiti, sura, utendaji, mwingiliano, na jumla ya mtu anavojisikia akitoka. Maudhui huko sio kitu cha asilimia 10. Ndo maana mtu anayetuma maombi yaleyale tuzo nne tofauti kwa kukopi na kupesti anashangaa kwanini anakosa zote nne.

Hatua ya 3: isafishe saiti kabla jaji hajafika

Jaji ana saiti nyingi za kupitia, anafungua yako akiwa na kahawa mkononi, dakika chache tu. Usimpe sababu ya kufunga.

Spidi kwanza. Ingiza linki yako kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha spidi cha Google, usome upande wa simu, sio wa kompyuta, wa kompyuta unadanganya kila mtu. Google wanataka kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukibonyeza kitu ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na kurasa isirukeruke wakati inalodi, kipimo chake kisizidi 0.1. Mara nyingi mchawi ni picha moja ya juu iliyotoka kwenye kamera ikapandishwa ilivo, megabaiti nne na kitu, wakati kioo cha simu hakihitaji hata robo yake. Ipunguze upana, igeuze WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, andika vipimo vyake kwenye kodi (code) ya saiti ili kurasa isiruke, tayari umeokoa nusu ya kesi. Na kama saiti imehostiwa Dar na jaji yuko Amsterdam weka CDN mbele, yani mtandao wa seva unaotunza nakala za saiti karibu na msomaji, Cloudflare wana vituo mpaka Nairobi, Mombasa na Dar, na mpango wao wa bure unatosha kabisa kwa kazi hii.

Kingine ambacho karibu kila saiti ya Kiswahili inakosea: fungua kodi, angalia pale juu kwenye alama ya <html>. Themu nyingi za kudownload zinakuja zimeandikwa lang="en", na watu wanaweka Kiswahili ndani yake bila kugusa hapo. Asiyeona akifungua kwa NVDA, ile programu ya kusoma kioo, inamsomea "Karibu kwenye huduma zetu" kwa mdomo wa Kiingereza, haeleweki hata kidogo. Badilisha iwe lang="sw" na kifaa kinajua kubadilisha sauti, eSpeak iliyomo ndani ya NVDA Kiswahili inakijua. Herufi mbili tu hizo. Jaji anayepima ufikivu, yani saiti kutumika hata na wenye ulemavu, hilo analiangalia mapema sana, na hata kama hakuna jaji wa hivo kuna binadamu anayesoma.

Hapohapo pima rangi za maandishi, kipimo cha WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya ufikivu, ni uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, kijivu kwenye nyeupe kinachopendwa na madizaina huwa kinafeli. Tembea saiti nzima kwa kitufe cha Tab bila mausi. Jaza fomu ya mawasiliano mwenyewe uone kama imeili inafika, utashangaa. Fungua linki iliyokufa uone ukurasa wa 404 unasemaje. Angalia cheti cha SSL, kile kinachoifanya saiti ionekane salama kwenye browser, kinaisha lini, kisije kikaisha katikati ya wiki ya majaji. Mwisho azima simu ya bei rahisi ya mtu yeyote hapo mtaani, yenye kioo kilichopasuka ikiwezekana, fungua saiti kwa bando la kawaida juani.

Na kama saiti ni ya Kiswahili na majaji ni wa nje, usiwaachie tafsiri ya mashine. Weka toleo la Kiingereza la kurasa tatu nne muhimu, au angalau video fupi yenye maandishi chini.

Hatua ya 4: maombi yenyewe

Sehemu ya maelezo watu wanaandika "jukwaa la kisasa na bunifu linaloleta mapinduzi ya kidijitali", sentensi ambayo ukibadilisha jina la saiti inafaa saiti yoyote duniani. Andika nani alikuwa na shida gani, sasa hivi anafanya nini, na ni nini kwenye saiti kinachomuwezesha. Mfano tuseme una saiti ya bei za mazao, andika: "Mkulima wa viazi Njombe anaona bei ya gunia ya leo asubuhi Dar kabla dalali hajampigia simu. Ukurasa una uzito wa kilobaiti 90, unafunguka hata mtandao ukiwa wa 2G." Jaji akimaliza hapo ameshaona mtu, ameona gunia, na ameona kwamba unajua ulichokifanya.

Namba weka zile unazoweza kuzionyesha ukiulizwa. Ukiandika watumiaji laki mbili uwe na skrinshoti ya takwimu zako, maana tuzo za maana zinauliza.

Kategoria chagua nyembamba. Kwenye "Websaiti Bora" utakutana na mabenki na makampuni ya simu yenye ejensi zao, kwenye "Elimu" au "Utamaduni na urithi" unakutana na watu wa saizi yako. Na taja timu yote, aliyepiga picha, aliyeandika, aliyetafsiri, maana ugomvi wa nani katajwa na nani hakutajwa huwa unakuja baada ya kushinda, sio kabla. Kama saiti ni ya mteja omba ruhusa yake kwa maandishi.

Hatua ya 5: kura

Kama kuna kura, soma kwanza ni kura moja kwa mtu au moja kwa siku, na kama mpiga kura lazima afungue akaunti. Zile za WSIS zinataka akaunti, kwa hiyo ukimtupia shangazi linki tupu kwenye grupu la familia atabonyeza, ataona fomu ya Kiingereza, ataandika "nimekupigia mwanangu hongera" na hakuna kura. Tengeneza skrinshoti tatu zenye mishale, bonyeza hapa, andika imeili hapa, thibitisha hapa.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kitu kama: "Habari zenu. Saiti yetu ya bei za mazao iko fainali. Naomba dakika mbili zako: fungua linki, nenda kipengele cha Kilimo, chagua jina letu, thibitisha kwenye imeili. Mwisho Ijumaa saa 6 usiku. Asanteni sana." Kama wapiga kura wako wamezoea masaa ya Kiingereza andika 00:00, kuna watu wamekosa kura kwa kuchanganya hilo. Tuma asubuhi siku ya kwanza, tuma tena siku moja kabla ya mwisho, katikati nyamaza, grupu likishakuchoka limekuchoka.

Kununua kura usithubutu. Wauzaji wapo, wanakutafuta wenyewe inboksi, ila kura elfu tatu zikiingia saa tisa usiku ndani ya dakika kumi hata mwendesha tuzo mvivu anaziona, na ukiondolewa unaondolewa kwa jina.

Ukishinda shukuru kwa kifupi. Webby hotuba ni maneno matano tu, hata uwe nani, na Al Gore aliyekosa urais wa Marekani baada ya sakata la kuhesabu kura Florida mwaka 2000, alipopewa tuzo 2005 alisimama akawaambia kwa Kiingereza, kwa maneno matano, tafadhali msihesabu upya kura hii. Ukumbi ukaisha kwa kicheko.

Sasa upande wa pili wa meza. Labda una chama cha madevelopa, chuo, redio ya jamii, au mko wachache mnataka kuzipa heshima saiti za mkoa wenu. Wazo zuri, ila kazi yake sio ukumbi na kapeti jekundu, kazi ni sheria.

Hatua ya 1: andika vigezo na maksi kabla ya kitu kingine chochote

Kabla ya nembo, kabla ya mdhamini, kabla ya kutafuta MC. Vigezo vinne au vitano, kila kimoja na asilimia yake, na sentensi moja inayosema 3 inafananaje na 9 inafananaje. Ukiandika "ubunifu 25%" bila maelezo kila jaji atakuwa na ubunifu wake. Ukishavitangaza usiviguse mpaka msimu uishe, hata mdhamini akilia.

Kategoria ziwe chache. Nimeona tuzo zenye kategoria arobaini na kitu, kila mtu anatoka na kikombe, kesho yake hakuna anayejali. Anza na sita. Kama kategoria haijapata waombaji watano wa kweli iunganishe na nyingine au iache mwaka huo, na hilo liandike kwenye sheria mapema ili aliyeomba asije akasema umemuonea.

Hatua ya 2: majaji

Watano kwa kategoria wanatosha, mchanganyiko, dizaina, developa, mtu wa maudhui, mtu anayejua ufikivu, na mtumiaji wa kawaida mwenye akili timamu. Wote wasaini fomu ya kutaja kampuni walizofanyia kazi na ndugu waliomo. Kila mmoja apige maksi peke yake asione za mwenzake, maana mkiwaweka kwenye grupu moja mwenye sauti kubwa ndo anakuwa jaji na wengine wanakuwa wasikilizaji.

Jaji mwenye chuki au mwenye upendeleo utampata tu, kwa hiyo jenga kinga kwenye hesabu. Saiti imepata 9, 8, 8, 7 na 2. Wastani wa moja kwa moja ni 6.8. Toa ya juu na ya chini, zinabaki 8, 8, 7, wastani 7.67. Awwwards nao wana utaratibu wa kutupa kura zilizo mbali sana na nyingine. Usimfokee jaji wa 2, muombe aandike sababu, saa nyingine ndo peke yake aliyegundua kwamba saiti ni kopi.

Hatua ya 3: majaji na kura, usichanganye kwenye sufuria moja

Hapa tuzo nyingi zinaharibika bila waandaaji kujua. Wanatangaza "majaji 70%, kura 30%", inasikika haki. Angalia sasa. Saiti A majaji wameipa 82, kura imepata asilimia 6. Saiti B majaji wameipa 65, ni ya mtu maarufu, imebeba asilimia 80 ya kura. A inapata 57.4 jumlisha 1.8, jumla 59.2. B inapata 45.5 jumlisha 24, jumla 69.5. B kashinda kwa mbali, na umetangaza kwamba majaji ndo wana uzito mkubwa! Sababu ni kwamba maksi za majaji zinabanana, wengi wanatoa kati ya 60 na 85, wakati kura zinatawanyika toka moja mpaka themanini, kwa hiyo kitu kinachotofautisha watu ni kura tu.

Unaweza ukabadilisha kura ziwe nafasi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, inapunguza makali. Mi naona dawa ni kufanya kama Webby, tuzo mbili kila kategoria, ya majaji na ya wananchi. Mtu maarufu anachukua yake, fundi anachukua yake, hakuna wa kulalamika usiku wa manane.

Hatua ya 4: mtambo wa kura

Wazo la kwanza la kila developa ni kura moja kwa anwani moja ya IP, ile namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni. Usifanye. Kwenye data za simu makampuni hayana anwani za toleo la nne (IPv4) za kumpa kila mteja ya kwake, wateja kibao wanatoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo mtu wa kwanza Mwanza akishapiga kura kwa bando lake, wengine wengi wanaambiwa wameshapiga. Umewafungia watu halali na mwenye boti, programu inayopiga kura yenyewe, ananunua anwani elfu moja kwa pesa ndogo.

Namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa SMS ni nzuri kuliko zote ila inagharimu kila ujumbe, weka kwenye bajeti. Imeili ni rahisi ila uzuie zile imeili za muda za dakika kumi. Fomu ya Google iliyowekewa jibu moja inamlazimisha mtu kulogin, inatosha kwa tuzo ndogo za chuo, ingawa mwenye akaunti tano za Gmail atapiga tano. Chochote utakachochagua tunza logi, yani kumbukumbu ya muda wa kila kura, na uandike kwenye sheria kabla ya kura kuanza kwamba kura zinazoingia kwa mafuriko yasiyo ya kawaida zitafutwa. Ukifuta bila kuwa umeandika utaambiwa umeiba. Na masaa 48 ya mwisho ficha idadi, maana kura za laivu ndo zinazowatia watu kichaa cha kununua.

Za SMS za kulipia ziepuke kama unaweza. Zinaleta hela, sawa, ila zinageuza tuzo kuwa nani ana pesa, na ukianza kuwachezesha wapiga kura zawadi umeshaingia kwenye bahati nasibu, Tanzania hapo unatakiwa uongee na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla, sio baada.

Namba za simu na imeili ulizokusanya ni taarifa binafsi. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zote zina taasisi ya kusimamia. Waambie watu unazichukua za nini, tumia kwa hicho tu, afu futa. Mdhamini atakuja na tabasamu kuomba "ile listi ya wapiga kura", jibu ni hapana.

Hatua ya 5: hela

Fupi tu. Mdhamini asishindane kwenye kategoria anayodhamini. Ada ya kuingia kama ipo ilipwe mwanzo, iwe sawa kwa wote. Fainalisti asilazimishwe kununua meza ndo apewe kikombe, ukifanya hivo umekuwa wale wa imeili za hongera niliowasema juu. Na kabla ya kuchonga majina kwenye vikombe watumie washindi wathibitishe tahajia, chini ya kiapo cha kutosema, fundi wa kuchonga haandiki mara mbili bure.

Hatua ya 6: siku ya matokeo na baada yake

Tangaza washindi pamoja na majaji na maksi za wastani. Waliokosa watumie sentensi mbili za majaji kila mmoja, "menyu ya simu haifunguki kwenye Android ya zamani, maudhui ni mazuri sana", mtu akipata hizo anarudi mwakani, asipopata anaandika uzi mrefu wa kukuponda. Acha siku saba za malalamiko, kwa maandishi tu, ajibu mtu ambaye hakuwa jaji.

Baji wape kama faili dogo la picha la SVG lenye mwaka na kategoria, sio kodi ya javascript ya kupesti inayochelewesha saiti uliyoisifia kwa spidi. Liwe na linki inayoenda kwenye ukurasa wa mshindi husika kwenye domeini yako, kila mshindi na ukurasa wake wa kudumu, anwani isibadilike ukibadilisha themu mwakani.

Halafu lipia domeini miaka mingi mbele kwa mkupuo, na iandikishwe kwa jina la taasisi, sio la yule kijana wa IT aliyekuwepo mwaka wa kwanza. Domeini za tuzo zilizokufa zinawindwa sana kwa sababu zina linki kutoka saiti nyingi zenye heshima, zikishaachiwa huru zinaweza kuwa saiti ya kubeti, na baji ya hospitali uliyoipa tuzo ya afya inampeleka mgonjwa huko.